Maji ya Mama wa Beseni

Majina ya watu hayanipotei. Ulizeni hapa kwenye avenue yetu ya Mangobo ni nani aliuza makala ya kupikia kwenye kona kabla ya huyu wa sasa, au mbwa wa mwalimu wa zamani aliitwa nani, watawaambia: nendeni kwa Mama Régine, yeye ndiye anajua. Na la huyu mama ninayetaka kuwasimulia ninalo, la ubatizo na la nyumbani pia. Lakini sitaliandika. Wajukuu wake wanapita mbele ya mlango wangu wakienda masomo na wananisalimia vizuri kama nyanya yao, "Mbote, Koko." Sisi sote tulimwita Mama wa Beseni, hata padri alimwita hivyo, na yeye aliitika.

Nianze na usafi wake, kwa sababu mbele kidogo nitasema mambo ya kutapisha na sipendi mtu afikiri alikuwa mchafu wa kuonekana. Alikuwa msafi kutushinda sote. Kiwanja chake kilifagiwa mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu. Masufuria yake aliyasugua kwa mchanga na majivu, ukapata kujiona sura ndani. Kichwani alifunga kitambaa cheupe, nasema cheupe, si kile cheupe chetu sisi wengine. Hakula kwa watu. Ukimpa kiti alikipangusa kwanza kwa pindo la liputa yake, kitenge alichojifunga, halafu akakalia nusu. Ukimnyoshea mkono wa salamu alikupa kifundo cha mkono.

"Mikono yenu inatoka wapi, mimi sijui," alisema.

Hakuna aliyekasirika. Tulicheka, tukajipangusa mikono kwenye nguo kabla ya kumsalimia.

Sasa huyo huyo, nyuma ya nyumba yake, alikuwa na uzio wa mabati ya zamani, na ndani ya uzio beseni la plastiki la rangi ya bluu, kubwa, lenye ukingo ulioungua upande mmoja kwa sababu siku moja liliwekwa karibu sana na mbabula, jiko letu la makala. Hapo ndipo wanawake wa avenue walikaa. Aliyetoka kuzaa alikaa. Mwenye tumbo lisiloshika mimba alikaa. Mwenye kuwashwa, mwenye kuungua akienda kukojoa, mwenye bwana anayechelewa kurudi nyumbani, wote walikaa. Kwanza aliwafungua njia, ndivyo alivyosema, kwa ile poire, mpira mwekundu wenye mdomo mweusi mrefu, ambao akina mama wengi hapa kwetu wanautumia kupigia watoto lavement, yaani kuwatia maji ya dawa kwa nyuma. Ndani yake maji ya tangawisi na pilipili kidogo. Mwanamke anakimbia kwenye choo, anarudi, anajikalisha kwenye maji ya moto ya majani ya mapera na majani mengine aliyotuficha.

Poire ilikuwa moja. Aliisuuza kwenye maji ya beseni. Na maji ya beseni hakuyamwaga. Mmoja akisimama, mwingine anakaa, na Mama wa Beseni anaongeza maji ya moto kutoka sufuria, hivi mnavyoongeza maji kwenye pondu, mboga yetu ya majani ya mihogo, inapotaka kukauka.

Mimi nina kinyaa. Nilizaliwa nacho, hakuna aliyenifundisha. Samaki mwenye kichwa akinitazama kwenye sahani ninageuza sahani. Watoto wangu walipokuwa wadogo nilifunga kitambaa puani ili niwabadilishe nguo, na bwana wangu, marehemu Papa Régine, alinicheka: "Wewe, afadhali ungezaa mayai." Kwa hiyo mkiona ninachafukwa na mambo ambayo wengine waliyazoea, mjue ni hivyo nilivyo. Lakini mniambie wenyewe, ni nani asingechafukwa.

Ile poire ilikuwa na msumari wake jikoni, katikati ya mwiko na chujio. Niliiona siku niliyoenda kuazima kinu. Ilikuwa inadondosha matone, na chini yake kulikuwa na sufuria ya wali, imefunikwa, ni kweli, imefunikwa vizuri. Sikuazima kinu tena. Na kwenye matanga ya Papa Alphonse, jirani yetu, nikakuta Mama wa Beseni ndiye mkubwa wa mapishi, anakoroga pondu na ule mwiko wa kwake wa nyumbani. Watu walikuwa wanasifu. Mama Espérance, aliyekuwa rafiki yangu tangu ujana, akaniletea sahani imejaa.

"Leo ninafunga," nikasema.

"Kufunga? Siku ya matanga?"

"Kwangu ni siku ya kufunga."

"Bon, utakufa na njaa na pondu iko hapa," akasema, akala na ya kwangu.

Hao waliokula hawakuugua siku ile. Hilo nalo niliseme. Mambo ya kuchukiza hayaadhibu papo hapo, ndiyo maana watu wanaendelea nayo.

Kwenye misa alikaa benchi la mbele na aliimba kwa sauti ya juu, sauti inayotoka nje ya wimbo na kwenda njia yake yenyewe. Papa Dieudonné aliyeongoza chorale alimfuata siku moja kumwomba apunguze. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Papa, mimi siimbie chorale yako." Jumapili iliyofuata aliimba zaidi.

Wanaume walimwogopa. Alikuwa anafika kwa mtu bila kubisha hodi, anasimama mlangoni, kitambaa cheupe, mikono kiunoni. "Papa Willy! Bibi yako anaungua. Utalalaka kwenye kiti mpaka mimi nitasema." Na Papa Willy, askari wa kambi ya Kapalata, mtu wa kupiga kelele barabara nzima, alimwachia mke wake kitanda, akalala kwenye kiti. Alinikuta kisimani asubuhi, shingo imemkauka, akasema, "Mama Régine, huyu mama wenu angekuwa kolonel, vita vyote vingekwisha."

Hakuomba kitu zaidi ya sabuni. Aliitwa kwenye mvua akaenda kwenye mvua. Aliwabeba mgongoni wanawake wasioweza kutembea, yeye mwenyewe mwembamba, anapumua kwa nguvu, hataki kusaidiwa. Mwanamke akifa na ugonjwa ambao ndugu zake wanaukimbia, alikuja yeye kumwosha, na hakufunga pua. Nilimwona kwa Mama Véronique, ambaye kidonda chake kilikuwa kimeoza, na mimi nilikuwa nje na kitambaa changu. Alitoka anapangusa mikono, akasema tu, "Alikuwa na ngozi nzuri." Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikatapika.

Sasa nifike kwa Philomène.

Philomène ni mdogo wangu, tumbo moja, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho. Alikuwa mnene, mwenye kucheka kwa mwili mzima, anauza mikate sokoni. Akaanza kukonda. Anakunywa maji, anakwenda kukojoa, anarudi anakunywa tena. Tulisema ni mawazo, kwa sababu bwana wake alikuwa amekwenda Banalia kutafuta mihogo akapata huko mwanamke. Mama wa Beseni alimtazama siku moja mbele ya kanisa, akamwambia bila salamu, "Wewe, kesho asubuhi, uje na mukojo yako ya kwanza."

Alimwaga ule mkojo kidogo kwenye mchanga, karibu na njia ya sisimizi, akavuta kiti, akakaa anatazama. Sisi tulisimama. Sisimizi wakaacha njia yao. Wakaja, wakajaa pale mpaka mchanga ukawa mweusi.

"Sukari," akasema.

Philomène alikwenda kupima kwenye dispensaire ya Makiso, wakamtoboa kidole, wakasema neno lile lile. Kwa hiyo aliona kweli. Ningependa sana kusema alikuwa mjinga, ingekuwa rahisi kwangu, lakini aliona kabla ya mashine. Alichofanya na ile kweli yake ndicho kinachonichefua mpaka leo.

Alitueleza kwenye kiwanja chake, polepole, hivi unavyoeleza watoto wa katekisimu.

"Ukitia sukari mu chai na haukoroge, inaendaka wapi?"

"Chini," Philomène akajibu.

"Njo ile. Mu mwili ya mutu pia ni vile. Inashuka, inalala huku." Akajigusa chini ya kitovu. "Docteur anatia kidonge kwa mudomo. Bon, kidonge inakoroga. Lakini nani ataitosha, aitoe nje? Tutaitoshea kwa chini, mu maji ya moto, kidogo kidogo."

"Na akiacha kidonge?" nikauliza.

"Juu ya nini aache? Anywe! Mimi siko mupumbavu, Mama Régine."

Hivyo ndivyo alivyowashinda watu. Hakukataa hospitali. Aliipa nafasi yake, kisha akamalizia yeye. Philomène akawa anakunywa vidonge vyake na anakaa kwenye beseni, baada ya poire, kwenye maji ya Mama Espérance, na ya mke wa Papa Willy, na ya nani mwingine sijui. Nilimwambia, "Philo, ile maji inanuka." Akasema, "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "kwako kila kitu kinanuka."

Haikuchukua muda akaanza kuungua. Anakwenda kukojoa anatoa matone, anashika ukuta. Alivyomwambia Mama wa Beseni, yule alifurahi. Alisema ni sukari inatoka, ni lazima ichome ikitoka, kwa kuwa imekaa ndani siku nyingi. Na ilipozidi, akasema basi tuongeze nguvu. Alikwenda kwa vijana wanaotembeza dawa kwenye sahani, akanunua zile gélules za rangi mbili. Nilikuwapo, niliona kwa macho yangu. Alizifungua moja moja kwa kucha zake safi, akamwaga unga ndani ya beseni, akakoroga kwa mkono.

"Ya majani na ya pharmacie, zisaidiane," akasema. "Vile kila mutu anapata."

Gélules chache kwa wanawake wa avenue nzima. Philomène akakaa. Kuungua kukapungua, kukarudi, kukapungua, kukarudi na nguvu zaidi. Mama Espérance naye akaanza. Mke wa Papa Willy naye. Walikaa kwenye uzio ule wa mabati wakilinganisha maumivu kama watu wanaolinganisha bei za samaki, na kila mmoja alisema, kumbe hata wewe, basi ni hali ya hewa.

Halafu homa. Asubuhi moja nilimkuta Philomène kwenye mkeka anatetemeka, anashika mgongo chini ya mbavu, ananiita kwa jina la mama yetu aliyekufa. Pembeni ya mkeka kulikuwa na ndoo. Mkojo ulikuwa mweupe kama maji ya kuosha mchele, na harufu yake, mniwie radhi, ilinisukuma nikatoka nje. Nilirudi na kitambaa puani. Tulimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, Mama Espérance nyuma anamshika, na mimi nikafuata kwa toleka, ile baiskeli yetu ya kubeba watu, ninamwambia kijana akanyage, akanyage.

Hospitalini kulikuwa na mwuguzi, Mama Charlotte, mtoto wa watu wa mtoni, wa upande wa Isangi, mwenye sauti ya chini. Walichukua mkojo wakaupeleka laboratoire, wakaanza kumtia maji ya dripu. Baada ya siku mbili tatu Mama Charlotte akaniita pembeni.

"Koko, huyu mama anajioshaka namna gani?"

Nikamwambia. Yote. Aliacha kuandika.

"Beseni moja?"

"Moja."

"Na poire?"

"Moja."

"Ya ba mama wote?"

"Wote. Na gélules ndani ya maji."

Alijishika kichwa. Kisha akanieleza, na mimi nitaeleza nilivyoelewa. Kuna kijidudu, wanakiita colibacille. Hakionekani. Kinaishi kwenye matumbo, pale kinyesi kilipo, na kikikaa pale pale hakina neno. Taabu ni kikivuka kutoka nyuma kuja mbele, kikapanda njia ya mkojo. Kwa mwanamke ile njia ni fupi, hakina mbali pa kwenda. Na kwa mwenye ugonjwa wa sukari ni ubaya zaidi: mkojo wake una utamu, kinakula kinazaana, askari wa mwili wake wamelegea, na kibofu chake kinachoka, hakimalizi mkojo wote, unabaki kidogo umetuama humo. Basi kinakaa, kinapanda mpaka kwenye figo.

"Kwa hiyo beseni..." nikasema.

"Koko, mulikuwa munatoa mavi ya mutu mwingine kwa poire, munatia mu maji, na mutu wa sukari anakuja kukaa juu yake."

Alisema hivyo hivyo, wazi. 

"Hicho kidudu, hata mimi niko nacho?"

"Hata weye, Koko. Hata mimi. Hata monseigneur, askofu mwenyewe."

Siwezi kuwaeleza siku zile zilizofuata. Niliogopa tumbo langu mwenyewe. Niliosha mikono mpaka ngozi ikapasuka. Nilikaa mbele ya chakula ninafikiri kinachoningojea mle ndani, wengi wasio na macho, wanasukumana, na kijiko kikakataa kupanda. Nimelala na mwili huu miaka yangu yote, nikidhani uchafu uko kwa watu wengine.

Jibu la mwisho la laboratoire lilikuwa baya. Walikuwa wamejaribu dawa juu ya kile kidudu cha Philomène, dawa moja baada ya nyingine, na zile za kawaida kilizikataa. Mama Charlotte alisema, "Zile gélules mulitia kidogo kidogo mu maji, hazikuwaua vidudu wote. Wenye nguvu walibakia, wakazaa. Muliwafundisha kuogelea mu dawa." Ilipatikana sindano moja iliyokubali. Philomène akaitwa arudi kwenye uhai, akarudi, pole pole. Lakini figo moja ilikuwa imeumia na macho yake, ambayo sukari ilikuwa inayala tangu kabla, yalikuwa yamebakiza mwanga kidogo tu.

Siku ya kutoka, Mama Charlotte alinishika mkono. "Aoshwe na maji safi. Mbele kwanza, nyuma mwisho, na ile maji imwagwe. Asikae tena mu ile beseni. Hata mara moja. Ikipanda tena, figo hazitavumilia."

Wengi wameniuliza kama Mama wa Beseni alikuwa na moyo mbaya. Wengine walitaka kusema ni uchawi, kwamba alikuwa anavuna wanawake. Nitawajibu hivi. Jioni, wote wakiisha kwenda, maji yamekuwa ya rangi ya udongo na yamepoa, yeye mwenyewe alivua liputa yake akakaa ndani yake. Alikalia ya mwisho, kama mama anayekula ukoko baada ya watoto kushiba. Niliwahi kumkuta hivyo, kitambaa cheupe kichwani, macho amefumba, mikono juu ya magoti. Mchawi hafanyi vile. Na sijawahi kuona kitu cha kunichafua roho kuliko kile.

Nilimchukua Philomène kwangu. Nilimtafutia ndoo mpya, kopo jipya, sabuni. Nilichemsha maji, nikayapooza, nikamwekea nyuma ya pazia, na mimi nikasimama upande huu ninamwambia, "Mbele kwanza, Philo. Sasa mwaga. Sasa nyuma." Nilisikia kopo linaanguka. Nilisikia anapapasa chini akilitafuta. Haoni, hawezi kuinama, magoti yanamtetemeka. Alitoka nusu ana sabuni. Tukaendelea hivyo, mimi na pazia langu.

Asubuhi moja, kopo lilikuwa ndiyo kwanza limeanguka, mtu akaingia kiwanjani bila hodi. Alikuwa amezeeka ghafula. Miguu imevimba, anashika uzio kila hatua, pumzi fupi. Kitambaa kilikuwa cheupe. Tangu hospitali sikuwa nimesema naye.

"Nimekuja kumuchukua," akasema. "Maji iko tayari."

"Hataenda."

"Mama Régine, ninakuheshimu. Sikukuuliza wewe."

Nikamwambia yote ya Mama Charlotte. Kidudu, matumbo, nyuma na mbele, figo. Nilisema vibaya, nilichanganya, lakini nilisema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza Papa Dieudonné.

"Hicho kidudu ulikiona?"

"Hakionekane."

"Aaa."

"Na Mama Espérance yuko hospitali sasa hivi! Na bibi ya Papa Willy amekonda! Hao unawaona?"

 Alitazama miguu yake. Niliona kwamba alikuwa anawajua, mmoja mmoja, na hakujua awaweke wapi.

"Bon," akasema mwishoni, polepole. "Bon. Tuseme ni vile. Na huyu nani atamuosha? Wewe?" Akanyosha kidole kwenye pazia. "Nimesimama hapa nje kwa muda, Mama Régine. Nimesikia. Unamuosha na mudomo."

Pazia likasogea. Philomène alikuwa pale, amejifunga liputa, sabuni shingoni, anageuza uso kutafuta sauti zetu.

"Yaya," akasema, "usimgombeze. Mimi nilienda kwake juu ya vile yeye alinishika. Ninyi wote mulikuwa munanisemesha kutoka mulangoni."

"Utakufa, Philo."

"Ninajua. Infirmière, Mama Charlotte, aliniambia hata mimi. Sipendi kufa." Akavuta pumzi. "Lakini sipendi pia kujiosha kama kuku wenye kutafuta chakula mu mavumbi. Mutu anioshe. Kama si wewe, nitaenda na huyu."

Mama wa Beseni akasogea hatua moja, mkono mbele.

Sikufikiri kitu kizuri wakati ule. Nilifikiri nimekasirika. Nilivuta kitambaa changu, nikajifunga puani kwa nguvu, fundo nyuma ya kichwa, nikapita mbele yake, nikaingia nyuma ya pazia.

"Kaa juu ya kiti kidogo," nikamwambia mdogo wangu. "Tanua miguu."

"Umefunga pua?"

"Nimefunga. Na nitafunga kesho, na kesho kutwa. Tanua."

Philomène alicheka. Nilikuwa sijausikia ule mcheko tangu alipokuwa anauza mikate. Nikachota, nikamwosha. Mbele kwanza, kwa mkono wangu, maji yanapita yanaanguka, nikachota mengine, kisha nyuma. Nilisikia chakula cha jana kinapanda kooni, nikakimeza. Ngozi yake ilikuwa laini na baridi kidogo, na yeye alikaa ametulia, mkono wake juu ya bega langu. Kitambaa kiliniteleza mara moja, nikakirudisha kwa kiwiko. Nilimpangusa kwa kitambaa kikavu kile tulichotenga kwa kazi ile. Halafu nikatoka na ndoo, bado ilikuwa na maji zaidi ya nusu, ya moto, safi, hayakuguswa na mtu.

Mama wa Beseni alikuwa amesimama palepale, ameona yote kupitia upenyo wa pazia. Sikumwambia neno. Nilimwaga ndoo yote mbele ya miguu yake, nikaikung'uta mpaka tone la mwisho. Maji yakaenda kwenye mchanga, yakazama.

Alitazama pale yalipozama. Aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa na machozi kweli, na sauti yake haikuwa na matusi hata kidogo.

"Mama Régine," akasema, "yote hiyo? Si ungekaa mu ile maji hata wewe kidogo?"